Nasra Hataki Kuwa wa Bure

Nasra aliikataa shule kabla hajaianza. Alikuwa amekaa mkekani barazani, sare mpya ya darasa la kwanza imetandazwa mbele yake, na mama yake, Farida, anapindia sketi iliyokuwa ndefu kama kanzu ya shehe.

"Hiyo usijisumbue nayo," Nasra akasema. "Jumatatu siendi."

Farida alikata uzi kwa meno. "Utakwenda."

"Siendi. Huko nako watanifanya wa bure."

Farida hakuwa mwanamke wa kubembeleza. Alikuwa afisa ugani wa kata, mwenye stashahada ya kilimo na pikipiki, na wakulima wa Mahurunga walimjua kwa kuwaambia mbele ya wake zao kwamba mikorosho yao inaumwa uvivu wa mwenye shamba. Kwake yeye tatizo ni kitu cha kushikwa, kugeuzwa na kutengenezwa. Nasra alizaliwa na miguu isiyoweza kumbeba. Haya, kikatafutwa kiti cha magurudumu. Kiti kikazama mchangani. Haya, Farida akachukua dumu la njano la mafuta ya kula, akalipasua kwa urefu kwa kisu cha moto, akalainisha kingo, akatoboa tundu, akafunga kamba na kutandika kanga kuukuu ndani yake. Mtoto akakaa, Mustafa wa nyumba ya pili akavuta, na dumu likateleza mchangani utadhani limepakwa sabuni.

Tangu siku hiyo Nasra hakuonekana nyumbani jioni. Alikuwa uwanjani, kwenye rede. Wawili wanasimama huku na huku wanarusha mpira wa soksi, walio katikati wanakwepa, na huku wanakwepa wanajaza chupa mchanga. Ukipigwa, umetoka. Chupa ikijaa na ukawahi kupiga kelele "Rede!", wenzako wote waliotoka wanarudi mchezoni. Farida alisikia vicheko kutoka jikoni, akahesabu kazi ile imekwisha.

Na wa bure, kila mtoto wa Mahurunga anajua ni nani. Ni mdogo wa mtu, anayelia akiachwa, basi anaingizwa katikati ili anyamaze. Hapigwi mpira. Chupa yake haihesabiwi. Yumo, lakini hayumo.

"Wewe una miaka saba," Farida akasema. "Wa bure ni watoto wa kunyonya."

"Ndiyo hivyo nakwambia!" Machozi yalimjaa Nasra, lakini ya hasira. "Kama shule ni kwenda kukaa tu nitazamwe, nitakaa hapa hapa nikutazame wewe."

Farida akaichomeka sindano kwenye kola ya gauni lake, akachukua kwa mazoea helmeti yake ya pikipiki. "Twende nikaone."

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya ghala la korosho, tupu sasa kwa kuwa msimu umekwisha. Mvua ilikuwa imepumzika siku chache na mchanga umekauka vizuri. Nilza, msichana ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kabla hajazaliwa, alikuwa upande mmoja wa kurusha. Mkono wake ulijulikana. Mbuzi wenyewe walikuwa wakiuona mpira mkononi mwake wanahama.

Farida alisimama pembeni na kutazama. Nilza akarusha: mtoto mmoja chini. Akarusha tena: wa pili, mgongoni, paa! Kisha Mustafa akapita na dumu mbele yake, taratibu kama anapeleka mayai sokoni, Nasra amenyoosha mgongo, shabaha nzuri kuliko mlango wa ghala. Mpira ukamzunguka. Ulimpita kulia. Ulimpita kushoto. Mara moja ulimfikia, ukatua mapajani mwake kwa upole, kama sadaka. Nasra akajaza chupa mpaka mdomoni, akapiga kelele "Rede!" na hakuna aliyerudi mchezoni. Mtu mmoja alimpigia makofi. Makofi!

"Simama!" Farida akaingia katikati. "Nilza, wewe una macho?"

"Ninayo, mama."

"Mwanangu huyu unamwona?"

"Namwona."

"Mpige basi!"

Nilza akauficha mpira nyuma ya mgongo kama ushahidi.

"Mama Nasra," akasema kwa heshima zote, "siku ile ulipoleta dumu ulisema atakayempiga Nasra na mpira utamla nyama mbichi."

"Na chumvi hutatia," Mustafa akaongeza. "Ulisema hivyo. Hata chumvi."

Farida alikumbuka. Alikuwa amelisema akipanda pikipiki, kama mtu anavyosema funga mlango. "Nimeifuta hiyo."

Watoto wakatazamana. Walikuwa wakimjua Farida. Baba zao wenyewe walikuwa wakimkwepa.

"Hivyo ndivyo watu wazima wanavyofanya," mmoja akanong'ona. "Wanafuta, ukipiga tu wanafufua."

"Rusha, nimesema!"

Nilza akarusha. Mpira ulikwenda kwa unyonge, ukaanguka hatua moja kabla ya dumu, ukabingirika na kusimama. Nasra akachota mchanga wa kujaa kiganja akautupa hewani. "Unaona? Unaona sasa? Ninyi nyote ni washenzi!"

Hapo ndipo alipopita Bi Sabra, mama mkwe wake Farida, anatoka kuchuma kisamvu, ungo kichwani. Hakuna kelele iliyowahi kumpita Bi Sabra bila kumwambia habari zake.

"Nani anamliza nke nwenza wangu?"

Maana kwa Bi Sabra, kama kwa kila bibi wa pande zile, mjukuu wa kike ni mke mwenza. Tangu Nasra ajue kusema walikuwa wakigombania mume mmoja, babu Athumani, na matusi waliyotupiana yangemfunga mtu jela kama yasingekuwa utani. Na utani wa bibi na mjukuu hauna mwamuzi. Hata mama mzazi hana pa kushitaki.

"Hawanipigi!" Nasra akalia. "Mama amewatisha!"

Bi Sabra akamtazama mkwewe kutoka juu mpaka chini. "Mwanamke wa chuo," akasema. Akatua ungo, akajifunga kanga kiunoni, akanyoosha mkono. "Nipe npira huo."

"Mama, taratibu," Farida akasema.

"Taratibu nini? Huyu ameninyang'anya mume. Leo ndiyo leo."

Nasra alikuwa ameshaacha kulia. "Huna hata meno, shabaha utaitoa wapi? Mustafa, vuta!"

Bi Sabra akarusha kwa nguvu zote za mtu aliyelima mihogo maisha yake yote. Mpira ukapiga helmeti ya Farida iliyokuwa mkononi, ukaruka, ukaangukia kwenye kisamvu. Watoto wakapasuka kicheko. "Hiyo ilikuwa ya kupima upepo," Bi Sabra akasema, akauchukua tena. Nasra akatoa ulimi. Akautoa wote, akauzungusha, akaongeza, "Babu amesema wali wako mbichi!" na alikuwa bado na ulimi nje pale mpira ulipomkuta katikati ya paji la uso.

Paa!

Nasra akalala chali ndani ya dumu. Mustafa akaachia kamba. Hakuna aliyemtazama Nasra. Wote walimtazama Farida, na wawili walikuwa wamekwisha kugeuza visigino kuelekea nyumbani.

Farida alitaka kukimbia kwa mwanawe. Mguu mmoja ulikuwa umeshatangulia. Kisha kutoka dumuni mikono miwili ikainuka juu, na sauti ikafuata.

"Nimetoka! Jamani, nimetoka! Nimepigwa, mmeona? Nilza, umeona? Nimetoka kabisa!"

Kilichomtoka Farida kilianza kama kikohozi. Kikawa kicheko, akacheka mpaka akakaa chini mchangani na sindano ya kwenye kola ikamchoma shingo, akacheka tena. Bi Sabra alikuwa akicheza pale alipo, mikono kiunoni, akiuimbia ushindi wake kwamba Athumani sasa ni wake peke yake.

Watoto walipomwona Farida akicheka na mtoto ana alama paji la uso, sheria ya nyama mbichi ikafa pale pale, bila matanga.

Mchezo ukaanza upya, na huu ulikuwa mchezo. Nilza akarusha kama anavyowarushia mbuzi. Mustafa akakimbia na kamba begani, akikata kulia, akikata kushoto, na Nasra nyuma yake akimpigia kelele, "Geuza! Geuza, kichwa maji wewe!" Mpira ukija juu analala bapa ndani ya dumu, unapita. Ukija chini anainama upande wa pili, unapita. Na kwa kuwa yeye alikuwa karibu na mchanga kuliko wote, wenzake walipolazimika kuinama na kuinuka wakapigwa viunoni mmoja mmoja, yeye alichota tu, akamimina, akachota. Wakabaki yeye na Mustafa peke yao. Chupa ilifika shingoni. Waliotoka wakasimama pembeni wakiruka ruka: "Jaza, Nasra! Turudishe! Jaza!" Hata Bi Sabra alikuwa akiruka, na hakuwa upande wowote.

Nilza akarusha mpira wa chini kabisa, ukichimba mchanga. Ukagonga ubavu wa dumu, kong'o!

"Rede!" Nasra akapiga kelele wakati huo huo.

"Rede ya wapi? Umepigwa!" Nilza akapinga.

"Limepigwa dumu! Dumu ni plastiki!"

"Dumu ni miguu yako! Sisi tukipigwa mguu si tunatoka?"

"Mwizi wewe!"

"Mwizi ni bibi yako!"

"Bibi yangu hahusiki!"

Akina Nilza walikuwa wamemzunguka, vidole puani mwake, mate yanaruka, wote wanasema kwa pamoja, na Nasra katikati amekumbatia chupa yake akiwajibu wote kwa pamoja. Kisha wakamgeukia Farida. Nilza amejaa vumbi, kifua kinapanda na kushuka. "Mama Nasra, wewe umeona. Sema."

Farida alikuwa ameona. Mwanawe alimtazama kwa macho ya mtu mwenye uhakika wa hakimu wake.

"Dumu ni miguu," Farida akasema. "Umetoka."

"Mama!"

"Toka nje, usitupotezee muda."

Kelele iliyopigwa ilisikika labda mpaka kivukoni Kilambo. Chupa ikamwagwa. Mustafa akamburuta Nasra hadi pembeni walipokaa walioshindwa, wakasogea wakampa nafasi, na wakaanza wote kumsema Farida kwa sauti ambayo hawakujali kama ataisikia: kwamba hana macho, kwamba amehongwa na akina Nilza, kwamba refa gani anashika helmeti.

"Mwacheni," Nasra akasema, akiipapasa nundu yake kwa fahari. "Jumatatu shuleni yeye hayupo. Mtaona nitakavyowafanya."