Sindano Iliyotangulia Agizo

Mama Kompyuta, fundi wa kanzidata ya hospitali, aliisoma barua ya wifi yake mara mbili, na mara zote mbili damu ilimchemka. Huyo wifi, muuguzi aliyeolewa na kaka yake, alitakiwa kikaoni saa nane mchana ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi: kamchoma mgonjwa sindano saa moja na dakika tano asubuhi, ilhali daktari kaiagiza saa nne kamili.

"Nilichoma saa nne na dakika tano, wifi. Saa moja nilikuwa nyumbani namtafutia kaka yako soksi."

"Zipo uvunguni, kama siku zote."

"Usinichekeshe. Nina hasira."

Mama Kompyuta akaiuliza kanzidata: nionyeshe sindano zote zilizotangulia maagizo yake. Wiki iliyopita, hakuna hata moja. Tangu Jumatatu, mia mbili na kumi na nne, wodi zote, wauguzi wote.

"Hospitali nzima imekuwa ya wapiga ramli," alisema, meno yameumana.

Jumatatu ndiyo siku mkuu wa kitengo cha kompyuta, waliyembandika jina la Haina Shida, alipohamishia kumbukumbu kwenye mashine ya kukodi iliyo ng'ambo, inayokwenda kwa saa za dunia, saa tatu nyuma ya saa ya ukutani. Mama Kompyuta alimwonya mapema. Jedwali la maagizo huhifadhi saa pamoja na kanda yake, yaani ni saa za wapi, kwa hiyo halitapotea. La sindano na la wanaopita getini huandika tarakimu tupu, yatadanganya. Akajibiwa, "Haina shida, mama. Saa ni saa." Na barua ya wifi, iliyotokana na kumbukumbu hizo hizo, ilikuwa na sahihi ya huyo huyo.

Kikaoni, Haina Shida alimtupia jicho. "Wewe una wifi hapa. Kompyuta haina ndugu."

"Haina kweli. Ndiyo maana nimeiuliza habari zako." Akageuza skrini kwa muuguzi mkuu, mwenyekiti wa kikao. "Jumanne katoka getini saa tano asubuhi. Jumatano, saa tano. Jana, saa tano na robo."

"Hiyo kompyuta ina kasoro. Mimi natoka saa nane."

Muuguzi mkuu akavua miwani taratibu. "Kazi inaisha saa kumi na nusu, bwana."

Mama Kompyuta akaongeza mstari mmoja kwenye ulizo lake: tarakimu hizi ni za saa za dunia, zilete kwa saa za hapa. Sindano ikasogea, saa nne na dakika tano. Haina Shida naye akasogea, saa nane.

"Basi wote wawili mmesema kweli," alisema Mama Kompyuta.

Muuguzi mkuu alitaka kuichana barua. Wifi akamshika mkono.

"Usiichane, mama. Kanishtaki kwa maandishi, aniombe radhi kwa maandishi. Na aweke saa."

"Na kanda yake," akasema Mama Kompyuta, bado amekunja uso.