Chumba cha Reli

Kwenye landhi za Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa kunyonya aliijua: chumba ni cha mwenye kazi. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Ila palikuwa na mwanya. Mzee wa genge la kutengeneza reli akichoka, naye ana kijana mwenye mabega, kijana huitwa ashike mtaimbo wa babake na familia ikabaki pale pale. Watu waliuita mwanya huo baraka. Akeyo naye aliuita hivyo, mpaka ulipobisha mlangoni kwake.

Babamkwe wake ndiye aliyeanza, akainua mataruma ya reli mpaka mgongo ukapinda. Odero, mumewe, akapokea mtaimbo ule ule. Sasa macho ya Odero yalikuwa yameingia ukungu, na gari moshi halimngoji mtu asiyeliona. Ijumaa moja ya mwaka 1957, nyapara Kiprugut alikuja akasema bila ukali wowote, "Mzee, Jumatatu asubuhi uje na kijana. Kama hatakuja, basi ulete ufunguo."

Kijana mwenyewe alikuwa mwana wao Owino, na Owino alikuwa amefaulu mtihani. Shule ya misheni kule Nyanza ilikuwa imempa nafasi, kanisa limekubali kulipa ada, na gari moshi la kumpeleka lilikuwa la Jumatatu hiyo hiyo jioni.

"Nitashika mtaimbo, Mama," alisema Owino. "Mwaka mmoja tu. Shule haitatoroka."

Akeyo alitamani kumzaba kofi. Shule hutoroka! Odero naye aliambiwa mwaka mmoja tu, na hadi leo hajui kuandika jina lake. Akeyo akainuka, akaketi, akainuka tena, akafagia sakafu aliyokuwa ametoka kuifagia.

Truphosa wa chumba cha pili alimfuata nje. Huyu alikuwa mjane mwenye ulimi, na ushauri wake hakuungoja uombwe.

"Mtoto wako ana akili, sikatai," akasema. "Lakini hiyo akili italala wapi? Mimi nilimtoa Obura wangu ashike mtaimbo, na chumba ninacho mpaka leo."

Obura alikuwa ameketi kizingitini, bado kijana lakini ameshachakaa. Mbele yake mwanawe mdogo alikuwa akipigapiga kokoto kwa kijiti, akitoa sauti za genge, "Haya, inua! Haya!" Truphosa akamcheka mjukuu wake kwa mapenzi. Akeyo hakuweza kucheka.

Jumapili, ibada ilipoisha, alimzuia Mwalimu Micah aliyekuwa akiongoza kanisa lao dogo huko Bondeni.

"Mwalimu, mmelipa ada, Mungu awabariki. Lakini mnamvuta mtu mmoja kutoka shimoni, na sisi wawili tumemshika miguu. Hatatoka. Nipeni mahali pa kulala nimwachilie."

Micah alijikuna kichwa. Kusema kweli, hakuwa amefikiria hilo. Alidhani mtoto akilipiwa shule, shughuli imekwisha.

"Kuna lile jiko nyuma ya kanisa," akasema polepole. "Lakini linavuja, na kuku wanalala humo. Ni aibu, Mama Owino, kumweka mzee wa reli pale."

"Aibu hainyeshi, Mwalimu. Mvua ndiyo inanyesha, na hiyo nitaziba. Nitapikia watu wa genge nyoyo ya mahindi na maharagwe, niwauzie saa sita. Chakula hakiulizi nalala wapi."

Alirudi nyumbani mbiombio na habari yake. Odero alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa katakata.

"Mtu hahami hivyo. Mwanamume hutangulia na jogoo, mwana wa kwanza akabeba shoka, mke akaleta moto. Hivyo ndivyo mji, boma la mtu, unavyoanzishwa kwetu. Na wewe unataka niingie jikoni kwa kuku kama mwizi?"

"Huo ni mji, Baba Owino! Na hapa tunapokaa ni mji gani? Babako aliingia hapa na jogoo gani?"

Odero aligeukia ukuta. Owino, ambaye hakupenda kuwasikia wakigombana, akasema, "Basi yaishe. Kesho nitaenda na Baba."

Asubuhi king'ora cha reli kilipolia walitoka wawili, baba ameshika bega la mwana. Akeyo alibaki amesimama katikati ya chumba. Akaangalia dirisha. Akaangalia msumari ambao watu wawili wameutundikia kofia zao, na ulikuwa ukingoja ya tatu. Halafu akakivuta kitanda.

"Wewe Akeyo, umerogwa?" Truphosa alipiga kelele mlangoni.

"Shika miguu ya kitanda."

"Utalala nje kama mbwa! Bwana yako atakufukuza!"

"Shika, nimekuambia."

Truphosa akashika. Alimtukana Akeyo kwa kila hatua, lakini kitanda kikatoka, na masufuria, na kiti cha mzee. Kilipobaki chumba kitupu akajipangusa macho kwa ncha ya leso. Akeyo alifagia, akafunga mlango. Akaweka makaa ya moto katika chungu kilichovunjika mdomo na shoka ndani ya kikapu. Jogoo wake pekee akamkwapua kutoka kwenye kitundu, akashika njia ya yadi, nusu akitembea nusu akikimbia.

Alikuta genge limepangwa mstari. Owino alikuwa tayari na mtaimbo mkononi.

"Mzee wa kazi, chumba chako hiki hapa," Akeyo akamwambia Kiprugut, akimpa ufunguo huku akihema. "Nimeshakifagia."

"Lakini mama, kijana amekubali."

"Alikubali kwa sababu ya chumba. Sasa chumba hakuna."

"Mama, umefanya nini?" Sauti ya Owino ilikatika. "Baba atalala wapi?"

Akeyo aliogopa. Mtu asidhani alikuwa shujaa. Hakujua mumewe atasema nini mbele ya wanaume wenzake. Chini ya kwapa lake jogoo akapiga mabawa.

Odero aliinua kichwa. "Huyo ni jogoo?"

"Ni jogoo. Moto ninao, na shoka liko kwenye kikapu. Tunangoja mwenye mji."

Odero alipapasa hewani mpaka akaupata mtaimbo. Akautoa katika vidole vya mwanawe, kimoja kimoja, akamnyooshea Kiprugut.

"Huu ulikuwa wa baba yangu, ukawa wangu," akasema. "Umeshiba. Owino, chukua shoka la mama yako. Utufikishe hapo kanisani, halafu usije ukachelewa gari moshi."

Akampokea jogoo, akambana kwapani, akatangulia mbele ya wote kama desturi inavyotaka, ingawa hakuwa akiiona njia. Akeyo alimfuata nyuma na chungu chake cha moto.

"Inua mguu, Baba Owino," akamwambia. "Hapo kuna reli."