Mafuta ya Nguruwe wa Nje

Ndugu wasomaji, natangaza rasmi kwamba shule yetu ya bweni, karibu na mji wa Debrecen, ilifanya uchunguzi mkubwa juu ya siri ya uhai. Yaani tulichinja nguruwe wawili.

Nguruwe walikuwa wa Etelka, tunayesoma naye darasa moja. Walizaliwa tumbo moja, wakala chakula kimoja. Mmoja alilala bandani penye joto, mwingine nje kwenye theluji. Etelka alitaka kuonyesha kwamba kiumbe anayeishi kwenye baridi hujitengenezea mafuta laini.

"Kila seli imezungushiwa utando wa mafuta," alitueleza. "Ukiganda, seli imekufa. Bakteria walilijua hilo kabla hata samaki hawajakuwepo."

"Na nguruwe wako kafundishwa na nani?" nikamuuliza.

"Si wewe, Lőrinc. Angefeli."

Akifanikiwa, angekwenda kwenye mashindano ya sayansi mjini Szeged, ambako mshindi hulipiwa masomo. Baba yake alishasema kwamba bila hivyo anarudi nyumbani kukamua ng'ombe.

Asubuhi ya kuchinja, mafuta ya migongo yote miwili yaliwekwa mezani. Yalikuwa magumu sawasawa. Etelka aliyabonyeza kwa kidole, akabonyeza tena.

"Ulimwonea huruma yule wa nje ukamwingiza ndani," alisema Mwalimu Zsombori.

"Hapana, mwalimu."

"Basi umetudanganya. Szeged sipeleki mwongo."

Mimi nilikuwa na shughuli nzito ya kutazama theluji.

Etelka hakulia. Alimrudia yule nguruwe wa nje, akamshika shingo, kisha miguu.

"Mwalimu, hebu shika hapa. Shingoni laini, miguuni laini. Mgongoni na ubavuni tu ndiko kugumu." Akainuka. "Huyu alikuwa anavalishwa nguo."

Mwalimu aliuliza nani alikuwa na zamu ya kumlisha jioni na alfajiri. Wote walinigeukia.

"Ni koti langu la ngozi ya kondoo," nikasema. "Jioni namvisha, alfajiri namvua. Mara ya kwanza nilitaka kucheka tu, alifanana na mkuu wa shule. Lakini aliacha kutetemeka, mwalimu, nikashindwa kumnyima. Etelka hakujua kitu. Nilikuacha umwite mwongo, na mimi nimesimama hapahapa."