Darasa la Kweli Tupu

"Kosa iko moja tu," Thaddée alimwambia Semana pale mlangoni, akimkabidhi kibao chake cha kuandikia. "Utalitafuta nyumbani. Usionyeshe muntu."

Semana, mfugaji wa milimani aliyeshuka Uvira kuuza maziwa, alisoma polepole akisogeza midomo. Mwalimu ameficha redio yake ndani ya banda la kuku. Kwa Kiingereza, bila shaka, na hiyo "yake" ilikuwa imeandikwa "her", kana kwamba mwalimu ni mwanamke. Semana akaanza kutabasamu. Kisha neno redio likamwingia, tabasamu likaisha, akakisukuma kibao chini ya koti na kuaga.

Ulikuwa mtego. Thaddée hakuwa na redio, hakuwahi kuwa nayo. Na mtu mwenye akili timamu, katika mwaka ule wa sitini na nne, ndege za serikali zikishusha mabomu na waasi wakiushika mji, hakuthubutu hata kulitaja neno hilo. Kukutwa na redio ilikuwa ni kuambiwa wewe ndiye unayeziita ndege. Lakini Thaddée, nani angemweza?

Hakuwa mwalimu wa cheti. Alikuwa amepima vitambaa dukani kwa Mhindi mmoja kule Kigoma mpaka uhuru ulipofika, akarudi kwao Kilibula, hapo hapo Uvira, na Kiingereza chake na kitabu cha sarufi kisicho na jalada. Sebuleni kwake, alasiri, alifundisha watu watatu. Taabu yao ilikuwa ile ile kila siku. Kwetu, yake ni yake, iwe ya mwanamume, ya mwanamke au ya mbuzi. Kiingereza hakitaki uvivu huo. Kila "his" na "her" na "their" lazima irudi kwa mwenyewe, yule aliyekwisha kutajwa. Thaddée alikuwa amegundua dawa, na alijivunia dawa hiyo kupita kiasi: wanafunzi watunge sentensi za kweli, juu ya watu wanaowajua. Ukimfikiria mama yako mwenyewe, alisema, hutamwita mwanamume. Kweli tupu, au rudi kwenu. Na kila mtu alisoma kwa sauti, wengine wakisikiliza.

Haya, wakati wa amani, sawa. Lakini waasi waliingia, na yeye akaendelea na kweli yake tupu! Ndipo siku moja André, mvuvi, aliposimama na kusema kwa Kiingereza kwamba mdogo wake Mathieu na mke wake wataihama nyumba yao Alhamisi, wapitie kwenye matete. "Their", akatamka, pasipo kukosea, kwa mara ya kwanza tangu aanze. Thaddée alipiga makofi. Wote walipiga makofi, na André akaketi akicheka kwa aibu.

Alhamisi, waasi walikuwa wameshakaa ndani ya matete, pale pale André alipouficha mtumbwi wa kuwavusha kwenda Burundi. Léocadie, mke wa Mathieu, walimrudisha baada ya siku chache, hasemi. Mathieu hakurudi.

Habari ile Mathieu hakuwa amemwambia hata mkwewe. Ilitoka sebuleni kwa Thaddée, hakuna pengine.

"Ni ule wa milima," André alikuwa amesema, macho yamevimba. "Anakuya hapa na maziwa, anakaa kimya, anasikiliza. Juu ya nini muchungaji wa ng'ombe anataka Kiingereza?"

Semana alishasema kwa nini: misionari mmoja alimwachia kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, na ng'ombe wake walikuwa wanakufa. Lakini nani alikuwa anaamini kitu wakati ule? Thaddée aliomba apewe nafasi ya kuhakikisha. Na tuseme ukweli, yeye naye alitaka awe Semana. Alitaka mpaka akajionea haya. Kwa maana akiwa Semana, basi siye Félicité.

Félicité, mwanafunzi wa tatu, alikuwa mjane wa mdogo wake Thaddée, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Matanga yalikwisha kitambo, jamaa walikuwa wakimtazama Thaddée kila Jumapili wakisubiri afungue mdomo aseme neno la ndoa, naye, mjinga wa Mungu, alikuwa akifungua kitabu cha sarufi.

Kwa hiyo alasiri ile sentensi zilikuwa tatu. Kwa Semana, redio iko ndani ya banda la kuku. Kwa André, iko kwenye migomba. Maana Thaddée sasa alimshuku hata aliyefiwa. Kwa Félicité, iko nyuma ya jiko, chini ya majivu.

Félicité alisoma mara moja tu, alikuwa hodari kuwapita wote. "Shemeji," akanong'ona, "hii redio iko kweli?"

"Hapa tunaandika nini?"

"Kweli tupu."

"Basi."

Akakifunika kibao kwa kitenge chake, akatoka. Thaddée alitaka kumwita arudi, afute kile kibao, amwandikie kitu kingine, chochote, juu ya samaki. Hakumwita.

Siku iliyofuata waasi walikuja saa sita mchana, vijana wenye majani vichwani na jembe walilomnyang'anya mtu. Hawakuuliza kitu. Thaddée aliketi kwenye kizingiti, akayafuata macho yao. Banda la kuku, Bwana, banda la kuku. Walilipita. Mmoja alisimama kwenye migomba, akakojoa, akaendelea. Wakazunguka nyuma ya jiko, na jembe likaanza.

Kumbe maumivu yana mlio wake. Kila jembe lilipoingia kwenye majivu Thaddée alilisikia mpaka pale kizingitini. Walichimba mpaka wakakuta mchanga wa ziwa. Walipokosa walimpiga makofi, wakamkanyaga mgongo, wakamchukua jogoo, wakaenda. Aliendelea kulala pale chini, shavu mavumbini, akilia waziwazi, na majirani wakadhani analilia kipigo.

Jua likiwa bado halijazama nyuma ya milima, André alifika. Alilitazama lile shimo, akamtazama mwalimu, na mtu yule hakuwa mjinga.

"Kwangu uliandika migomba," alisema. "Balichimba jiko. Semana ulimuandikia nini? Jiko, siyo?"

Thaddée alijifuta mavumbi shavuni.

"Basi kesho atasoma kwa sauti, minye nimusikie kwa masikio yangu. Bantu ba kwetu batakuwa pale kwenye njia panda. Kamba iko."

"André, ngoja kwanza..."

"Mathieu alingojewa?"

Kesho yake wote watatu walikuja. Thaddée alikuwa amewaza kuwafukuza, kuugua, kutoroka; mwisho alijikuta amesimama mbele yao na chaki mkononi, jicho moja limeziba. Félicité alipoliona jicho lile aliinamisha uso, hakuuinua tena.

"Semana asome," alisema André. Hakuna aliyemwomba kuendesha darasa.

Semana alisimama, akaiegemeza fimbo yake ukutani. Alisoma vizuri, "her" alishaibadilisha kuwa "his". Mwalimu ameficha redio yake ndani ya banda la kuku. Akaketi na kujifuta jasho.

André aliinama mbele. Alimtazama Semana muda mrefu, na chuki ile ikamwondoka usoni. Kisha, taratibu, kana kwamba shingo inamuuma, akamgeukia Félicité.

Thaddée aliwahi. Hatua mbili, akakichukua kile kibao mapajani mwa Félicité, akakiinua karibu na jicho lake zima. "Cha Félicité nitakisoma minye," alisema. "Anaumwa koo. Mwalimu ameficha redio yake... juu ya dari." Katika maisha yake ya ualimu hakuwahi kutamka uongo mbele ya ubao.

"Dari," alirudia André.

"Ndiyo, dari."

Mwanamke akasimama. "Mwalimu, soma vile iko."

"Félicité, ikaa."

"Iko nyuma ya jiko. Chini ya majivu. Ni minye nilibapelekea hii neno." Alisema akimtazama André, si mwalimu. "Kaka yangu Cyprien bamemufunga mu kasho yao. Nikipeleka neno, bananionyesha yeye muzima. Siku moja nilikosa neno, balinipatia shati yake, iko na damu. Kisha weye ulisema Alhamisi." Akameza mate. "Sikujua batamuua Mathieu. Ile niliwaza baadaye. Kwanza nilisema."

Kuku walikuwa wakiparura kwenye shimo la jana. Thaddée aliona mikono ya André, mikono ya kuvuta nyavu, ikikunjuka na kukunjika juu ya magoti, na akajua kwamba mikono ile ikianza kazi yeye hataweza kuizuia.

"Alhamisi niliisema minye," alisema André hatimaye, kwa sauti ndogo isiyo yake. "Kwa kinywa hiki. Na mulipiga makofi."

Akainuka, akatoka.

Semana alikuwa amemtazama mmoja baada ya mwingine. "Ile kamba yenye banasema kule njiani," alimuuliza mwalimu, "ilikuwa ya shingo yangu?"

Thaddée aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka kwenye jicho bovu na zima pamoja.

Mfugaji akachukua fimbo yake na kumfuata André, kwa mwendo mrefu wa watu wa milimani, bila kukimbia.

Thaddée alisimama mlangoni, akashika miimo kwa mikono miwili, akiuziba mlango kwa mwili wake mdogo, wasije wakamfikia Félicité. Kutoka pale njia panda ilionekana vizuri. Kulia, kivulini, wanaume wa ziwani walikuwa wameketi na kamba yao wakisubiri. Kushoto njia ilishuka majini, kwenye mitumbwi, na Burundi ng'ambo. Semana alimfikia André pale pale katikati, akamwekea mkono begani. André hakuusukuma. Wakasimama, yule mrefu ameinama akisema jambo, na wale wanaume mmoja mmoja wakaanza kuinuka.

"Banageukia wapi, kwa kamba ao kwa mitumbwi?" aliuliza Félicité nyuma yake.

Thaddée hakuubandua mkono kwenye mwimo, hata kujifuta uso. Pale chini wawili wale walikuwa bado wamesimama.