Vitabu Vilivyonuka Kitoga

Babu yenu Kelestini alikuwa mtunza maktaba hodari kuliko wote katika bonde zima la Kilombero. Nina hakika, kwa sababu alikuwa peke yake. Maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja la mninga katika darasa la mwisho la shule ya misheni hapa Ifakara. Nyuma lilipigwa mbao za masanduku, likaegemea ukuta wa udongo. Ufunguo wake aliuvaa shingoni pamoja na msalaba, na sijui kati ya hivyo viwili alikigusa kipi zaidi.

Mwanafunzi aliyetaka kitabu alitakiwa anawe mikono, aionyeshe pande zote mbili, aeleze kwa nini anakitaka, kisha akisome amesimama, huku babu yenu akimtazama kama tunavyowatazama ndege kwenye mpunga. Haikupita muda wanafunzi wakapona ugonjwa wa kupenda kusoma. Babu yenu akafurahi sana.

"Mama Domitila," aliniambia jioni, "leo tena hakijaguswa hata kimoja."

"Hongera, Baba Domitila," nikamjibu, nikamwongezea wali.

Hata yeye vile vizima hakuvitoa, asije akavichakaza. Alivipangusa migongo tu. Lakini kila asubuhi, kabla hajaenda kulinda kabati, alinichotea maji kisimani. Wanaume wenzake walimcheka, naye hakuacha. Mtu wa namna hiyo unamwachia kabati lake.

Masika ya mwaka hamsini na nne yalikuwa makubwa. Vitabu vilivyochanika babu yenu alikuwa akivileta nyumbani avibandike kwa uji wa muhogo. Havikustahili kukaa na wenzao, alisema, vingewatia aibu. Basi vikakaa kwenye kikapu chini ya kitanda, vikingoja uji ambao haukupikwa. Siku maji yalipoingia chumbani, yeye alikuwa shambani juu ya dungu, anafukuza nguruwe. Nikatafuta mahali pakavu nyumba nzima. Nikapata mahali pamoja tu: kwenye uchanja juu ya mafiga, tunapokaushia samaki na kuweka mbegu ya mpunga. Nikavipandisha, samaki wa kitoga upande huu, vitabu upande ule.

Aliporudi alisimama jikoni, akatazama juu.

"Mama Domitila, vitabu vya shule umevifanya kitoweo?"

"Bado. Havijakauka."

"Vinanuka."

"Hata wewe unanuka, Baba Domitila, na nimekukaribisha."

Akacheka kidogo, akakumbuka cheo chake, akakunja uso. Hakuvishusha, maana chini kote kulikuwa tope.

Mvua ikaendelea. Scolastica, binti wa jirani yetu Balbina, alipokuja kunisaidia kupepeta mchele, alishusha kimoja akaanza kunisomea. Hakunawa mikono wala hakueleza sababu. Kesho yake akaja na wenzake. Jikoni kwangu kulikuwa na kanuni moja: anayesoma asome kwa sauti, kwa kuwa mimi husoma neno moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, na wali ungeungua. Babu yenu akayajua hayo, akajifanya hayajui. Kwake hivyo havikuwa maktaba. Maktaba ilikuwa kabatini, nzuri, kimya.

Mvua zilipopungua, ikaja habari kwamba Bwana Hermenegildi, mkaguzi wa shule za misheni, anavuka mto kutoka Mahenge kuja kuangalia vitabu. Mwalimu mkuu akamwambia babu yenu waziwazi: vitabu vikiharibika, kazi huna, na nyumba ya shule mnayokaa mtaihama. Mpunga wetu ulikuwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Tungekwenda wapi? Kwa kaka yangu kule Malinyi, tuwaachie ndege shamba? Babu yenu hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alilipaka kabati mafuta mpaka likang'aa kutushinda sisi.

Siku ya ukaguzi mimi na Balbina tulipeleka chakula cha mgeni shuleni, tukakuta kabati linafunguliwa. Migongo ya vitabu ilikuwa imenyooka vizuri kabisa. Bwana Hermenegildi akavuta kimoja. Ukatoka mgongo peke yake. Akavuta kingine, vilevile. Nyuma kulikuwa na udongo na mchwa. Kabati lenyewe hawakuligusa, mninga ni mgumu. Hao ndio wasomaji pekee ambao babu yenu aliwahi kuwaruhusu kusoma wamekaa, nao walikuwa wamesoma vyote hadi mwisho.

Babu yenu alishika ufunguo wake. Nilimwona amekuwa mdogo ndani ya shati lake, na hamu ya kucheka ikaniisha. Nikatua sufuria.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi. Vingine viko nyumbani. Mume wangu aliona mvua ni kubwa, akaanza kuvihamishia penye moshi kama mbegu, mchwa wasivipate. Ni hivi tu hakuwahi kuvihamisha."

Balbina, ambaye hanyamazi hata kanisani, akanyamaza. Wema huo sijausahau.

Wakaja wote jikoni. Scolastica alikuwa amekalia kinu kilicholazwa, anasoma. Bwana Hermenegildi akashusha kitabu, akakinusa.

"Kambare?"

"Kitoga, Bwana."

Akafunua kurasa. Zilikuwa za manjano, zimechanika palepale zilipochanika zamani, lakini zote zilikuwapo. Akamuuliza Scolastica amesoma vipi kati ya vile.

"Vyote. Sasa narudia."

Nadhani mkaguzi alijua. Sura ya babu yenu ilikuwa ya mtu anayesikia werevu wake kwa mara ya kwanza. Lakini Bwana Hermenegildi alinawa udongo wa mchwa mikononi, akala akashiba, kisha akamwambia mwalimu mkuu, "Mtunza maktaba abaki. Vitabu vipya vikija, vikae huku."

Tangu siku hiyo babu yenu akawa bingwa wa moshi. Walimu walikuja kutoka kijiji cha Mbingu kumuuliza, naye akawaeleza kuni zipi zinafaa, na jinsi alivyolifikiria jambo lile tangu mawingu ya kwanza. Mimi nilikuwa palepale, ninachochea maktaba, na sikumkatiza.

Ila ufunguo aliuvua shingoni, akautundika kwenye msumari wa jikoni, akabaki na msalaba peke yake. Na kila asubuhi, baada ya maji, akawa ananiletea na kuni.