Uzi wa Buluu

Mambo yaliharibika Jumatatu asubuhi, mama watoto alipokohoa. Mumewe, fundi rangi, alikuwa anamnywesha uji wodini, wiki moja tangu atolewe uvimbe tumboni. Baada ya kikohozi kile mke akashika bandeji, akasema taratibu, "Baba, kuna kitu kimeachia." Bandeji ilikuwa imelowa maji mekundu.

"Mshono wa ndani umefumuka," Daktari akasema.

"Si ulisema umefunga vizuri?"

"Nilifunga kwa nilichopewa. Ule uzi huyeyuka mapema, unafaa chini ya ngozi. Ukuta wa tumbo unataka nailoni nene, idumu mpaka pashikane. Safari hii nitapitisha mishono mipana, mbali na kidonda. Nitafutie nailoni."

Dirishani pa stoo, sista mwenye funguo hakuinua hata kichwa. "Hamna."

"Angalia vizuri, sista."

"Hamna, baba. Au nimshone kwa nywele zangu?" Wenzake wakacheka.

Fundi akazunguka maduka ya dawa na ovaroli lake la madoa. Duka moja lilikuwa na uzi mwembamba wa kushonea uso, jingine likamwambia arudi kesho. Wakubwa wanaopanga hospitali inunue nini, jua la barabara ile hawalijui. Nailoni aliipata adhuhuri, nyuma ya kituo cha mafuta, pakiti mbili. Aliporudi mkewe alikuwa anatetemeka kwa homa. Manesi wakachukua pakiti moja, wakamsukuma mgonjwa chumba cha upasuaji.

Akakaa kando ya kitanda kitupu. Kitanda cha pili kilikuwa cha mke wa dereva wa mkurugenzi: uvimbe kama ule, siku ile ile, Daktari yule yule. Mke huyu alikuwa anajifunza kutembea, mumewe amemshika kiuno.

"Polepole, bibi harusi."

"Usinichekeshe, mshono utauma."

"Utauma wapi, umeshonwa kama gunia la mkaa."

Fundi aliwatazama mpaka mate yakamchachia mdomoni. Kwa dakika nzima alitaka waanguke. Kisha akaangalia pembeni, na hapo ndipo alipoliona begi la dereva kwenye kiti. Mkanda wake ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi wa buluu, mnene. Akatoa pakiti iliyobaki mfukoni, akalinganisha: rangi ile ile, unene ule ule.

"Kaka, begi umelishonea nini?"

"Nailoni ya hospitali hiyo, haikatiki. Ilibaki mke wangu aliposhonwa. Bosi aliwapigia simu stoo, wakanipa ya kumwaga." Dereva akauona uso wa mwenzake, sauti ikashuka. "Kwani shemeji hawakumpa?"

Fundi akairudisha pakiti mfukoni. Muda mfupi uliopita alikuwa anamwonea wivu mwanamume mwenzake. Sasa alikuwa anauonea wivu mkanda wa begi.

Mishono ya pili ilishika. Homa ndiyo iliyomshinda mama watoto, akafa Alhamisi. Waliomwosha walisema nyuzi zilikuwa imara, hata moja haikuwa imelegea.

Baada ya mazishi fundi akarudi dirishani pa stoo, pakiti mkononi. Sista alipomwona akavuta kioo. Fundi akauliza hivyo hivyo, kwa nje, foleni nzima ikisikia:

"Uzi ulikuwemo humu, ukatosha mpaka begi. Nani aliamua usimfikie mke wangu?"