Alama Nyekundu Juu ya Jokofu

Kalenda ilitundikwa ukutani juu ya jokofu, na kila asubuhi niliyoamka hapa, isipokuwa siku za safari, kabla sijanawa uso, nilipiga alama moja nyekundu. Leo ilikuwa ya mia na sabini na tano. Kampuni yangu ya pampu za maji iko ng'ambo pamoja na mafundi wake kumi na tisa. Mimi niko hapa kumuuguza mama. Sheria ya hapa haina huruma: nikifikisha siku mia na themanini na tatu ndani ya mwaka, nahesabiwa mkazi, na faida ambayo kule imeshakatwa kodi inakatwa tena huku. Kampuni isingestahimili, na dawa za mama zinatoka humo humo.

Kwa hiyo nilibakiwa na siku saba. Daktari naye alimpa mama wiki moja, pengine siku kumi. Nilijipa moyo kwamba hesabu hizo mbili zingekutana mahali fulani.

Saa tatu asubuhi mshauri wangu wa kodi alipiga simu.

"Bosi, umeingia nchini mara nne, umetoka mara tatu. Siku za kushuka na za kupanda ndege umezihesabu?"

"Zile si nusu siku? Nilikuwa uwanjani tu."

Nilimsikia akifunua karatasi.

"Hakuna nusu siku, kaka. Ukikanyaga hata dakika kumi, ni siku nzima. Ongeza saba. Leo ni ya mia na themanini na mbili."

Nilikaa. Safari zile nilizifanya makusudi, kuokoa siku. Nilimwachia dada yangu kazi ya kumuuguza mama, nikaenda kulala kwenye hoteli nisizozipenda, nikarudi nikijiona mjanja.

"Hakuna msamaha kwa anayeuguza?"

"Upo kwa anayeumwa mwenyewe," alisema kwa sauti ya mtu anayeona aibu. "Kuna ndege saa kumi jioni."

Dada alinifungia begi bila kunitazama. "Nenda, Mkurugenzi. Watu kumi na tisa wana watoto." Jina hilo huniita kwa utani. Leo hakukuwa na utani ndani yake, na hilo ndilo lililoniuma.

Mama alikuwa macho. Amebaki mifupa mitupu, lakini bado ana yale macho ya mwalimu wa hesabu yaliyokuwa yakinikamata nikinakili.

"Leo umeshapiga alama?"

"Alama gani, mama?"

"Ile nyekundu. Nilipokuwa bado naweza kufika jikoni nilikuwa naziona. Nikajua daktari amekupa idadi ya siku zangu, unashindwa kuniambia." Aliushika mkono wangu. "Zimebaki ngapi, mwanangu? Sema tu, siogopi."

Ningemwambiaje kwamba muda wote huo nilikuwa nahesabu kodi? Nje, dereva wa teksi alipiga honi mara moja, kwa adabu.

"Saba," nilisema.

Alifumba macho, akatabasamu. "Kumbe tunazo nyingi. Kaa basi, tusizichezee."

Honi ililia tena. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya mkono wangu, vyepesi, havina nguvu hata ya kumzuia mtoto mchanga.